Maji Yetu Yanauzwa, Lakini Mlinzi Wake Ni Nani?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ndugu wakaaji wa mji, mama zetu wa Kenya, Katuba, Ruashi na Kamalondo,

Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za mshahara na za kazi. Leo tunasema habari za maji. Mwanamume anayefikiri kwamba maji ni shauri la wanawake na bidoni zao, tunamwomba asome mpaka mwisho, maana habari hii inaanzia kiwandani kwake.

Mwanzo wa mwezi wa Novemba 2025, bwawa la maji machafu la kampani ya CDM hapa Lubumbashi liliachia. Maji ya kiwanda yakafurika katika kartie za Kasapa, Kamatete na Kamisepe, yakaingia katika njia na katika viwanja vya watu. Waziri wa Migodi, Bwana Louis Watum Kabamba, alisimamisha kazi ya kampani hiyo kwa miezi 3. Vema. Lakini wakati ule kila mtu alikuwa na ulizo moja mdomoni: kisima changu je? Bomba langu je? Na ulizo hilo halikuwa na mlango wa kubisha hodi. Waziri wa Migodi ni mkubwa wa migodi, si mkubwa wa maji ya kunywa. Regideso huuza maji. Sasa anayeangalia kwamba Regideso inayalinda maji hayo kabla ya kuyauza, na kwamba inatuambia kweli juu yake, ni nani?

Hilo ndilo neno letu la leo, na hatutatoka ndani yake.

Regideso si mtoto wa jana. Ilizaliwa tarehe 30 Desemba 1939, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mji wenyewe ulikuwa na umri wa miaka 29 tu, nao uliitwa Elisabethville. Siku zile mji ulikatwa vipande viwili, wazungu huku na weusi kule, na katikati paliachwa eneo tupu, eti kwa ajili ya afya. Afya ya nani, wazee wetu walijua. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 mipaka ile ilivunjika, lakini desturi moja ilibaki: mambo ya maji huamuliwa ofisini, na mwananchi hupelekewa fakitire.

Sheria hazikosekani. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji ya kunywa imethibitishwa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaagiza kila mahali panapochotwa maji ya watu pazungukwe na eneo la ulinzi, ili asijenge mtu, asitupe mtu uchafu. Tena sheria hiyo inasema mwenye kuchafua ndiye atakayelipa. Nayo Kodi ya Migodi, ilivyorekebishwa mwaka 2018, inamfanya mwenye mgodi ajibu kwa hasara anayoleta hata kama hakukusudia. Maneno mazuri, ndugu! Lakini sheria haina macho wala miguu. Lazima awepo mtu wa kwenda kuona, na akishaona asikubali kufumbwa mdomo.

Fikirini mahali maji yetu yanapotoka. Mji huu hauna ziwa kubwa wala mto mkubwa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hutolewa chini ya ardhi, kwa visima virefu kama vile vya Kimilolo. Maji hayo ni mvua iliyozama polepole, ikapita katika nyufa za mawe. Pahali penye nyufa, uchafu nao hupita. Mtu akijenga nyumba na choo juu ya eneo la kisima, au kiwanda kikimwaga asidi katika kijito cha jirani, hasara haionekani leo. Itaonekana baada ya mwaka, baada ya miaka mitano, katika tumbo la mtoto. Waganga wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto kuzidi watu wazima. Kwa upande mwingine, mwanzoni mwa mwaka 2008 kolera iliwaangusha watu wengi hapa na Likasi. Ugonjwa ule haukuhitaji kiwanda. Maji yasiyo safi yalitosha.

Kwa hiyo kazi ya shirika la maji ni mbili: kugawa na kuhifadhi. Ya kwanza inaleta franka, ya pili inakula franka. Ndiyo sababu ya pili husahauliwa.

Tuseme haki pia kwa upande wa Regideso. Pampu zake zinangoja umeme wa SNEL, na umeme ukikatika bomba linakauka. Tena kwa miaka mingi mdaiwa wake mkubwa si mama wa Katuba; ni Leta yenyewe, ambayo ofisi zake na kambi zake hutumia maji na malipo yakachelewa. Mfanyakazi wa Regideso anayekaa bila mshahara wake kamili ni mfanyakazi kama sisi, na hatumtukani. Lakini njaa si ruhusa ya kudai mia mbili tatu mlangoni ili kurudisha maji ya mtu aliyekwisha kulipa.

Tangu mwaka 2002 iko kanuni ya mwenendo wa watumishi wa Leta: asipokee zawadi, asitumie kazi yake kwa faida ya nyumba yake. Huenda bwana mmoja akajibu kwamba sheria ya mwaka 2008 iligeuza mashirika ya Leta kuwa kampani za biashara, basi kanuni ile haiwahusu tena. Jibu letu ni fupi. Mwenye mali ni Leta, na Leta ni sisi. Mkubwa wa shirika la maji asiwe na hisa katika kampani inayochimba visima vya kuuza. Asiwe na magari ya kuuza maji katika kartie ambazo yeye mwenyewe amezikosesha maji. Siku anapoingia kazini aandike mali yake, na siku anapotoka aandike tena. Mficha uchi hazai.

Sasa tutazame kwa jirani, ng'ambo ya Kasumbalesa. Zambia nao wamepigwa. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la mabaki la kampani ya Sino-Metals huko Chambishi lilibomoka, asidi ikashuka mpaka mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Hatusemi basi kwamba kwao ni peponi. Lakini wao wanacho chombo ambacho sisi hatujakiona mitaani kwetu. Baraza lao la maji, NWASCO, halilali kitanda kimoja na wauza maji: kila mwaka hutangaza kampani ipi imefanya vema na ipi imeshindwa, kwa jina. Na katika miji viko vikundi vya wakaaji wa kujitolea vinavyopokea malalamiko ya watu na kuyapeleka juu. Ni wachimba shaba kama sisi, wanasema Kibemba kama wengi wetu, na jambo hilo wamelifanya kwa zaidi ya miaka 20.

Hapa tufike penye uchungu. Ndugu mfanyakazi, bwawa linapovuja, wewe ndiwe wa kwanza kuliona. Unajua valvu gani inafunguliwa usiku mvua inaponyesha. Unanyamaza kwa sababu ya mkate, nasi hatukucheki, maana tumekula mkate huo huo. Lakini maji yale hushuka mpaka nyumbani kwako, na mke wako huyapikia bukari. Chama cha wafanyakazi kinachobishana juu ya saa za ziada na kiandike pia katika mapatano kwamba mtu aliyetoa habari ya bwawa hatafukuzwa.

Tunataka mambo machache. Matokeo ya kupima maji, ya kila mwezi, yabandikwe ukutani kwa kila komini, kwa Kiswahili, na jina la mpimaji chini yake. Naye asiwe mtu wa Regideso wala wa kampani. Fedha ziko: Kodi ya Migodi inazipa komini na miji yenye migodi 15 kwa mia ya kodi ya madini. Maeneo ya ulinzi ya visima yawekewe alama za mipaka, na ramani yake ionyeshwe kwa watu. Na komini ichague watu watano wa kupokea malalamiko, wawili wao wawe mama wenye kuteka maji.

Kuta za komini tunazijua. Zina nafasi. Mwezi ujao tutapita kuzitazama moja moja, kuanzia Kampemba, na tutaandika hapa tuliyoyakuta.