Maji Yang'aayo Si Lazima Yawe Salama



Katika baadhi ya nyumba zetu za mwambao, kidimbwi cha kuogelea kilichozungushiwa ukuta kimekuwa pahali pa sitara, ambapo akina mama na mabinti huogelea bila ya kutazamwa. Nyuma ya ukuta huo, hata hivyo, haji mkaguzi. Amana ya kuyapima maji imo mikononi mwetu wenye nyumba.

Wengi wetu huyapima kwa jicho na pua. Yaking'aa twasema ni safi. Yakinuka dawa twasema imetosha. Yote mawili hutuhadaa. Ile harufu kali kwa kawaida hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, ikapungukiwa na nguvu ya kuua vijidudu. Ndiyo iwashayo macho ya watoto wetu.

Basi tupime kwa karatasi au matone ya kupimia, tukiteka maji kwenye kina cha kiwiko, mbali na tundu yanamoingilia. Klorini iliyo huru iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH iwe baina ya 7.2 na 7.8. Tuanze kusawazisha pH, kwani ndiyo iitawalayo klorini: ikifika 8, klorini ile ile hubaki na chini ya nusu ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye 7.2. PH iliyopanda hushushwa kwa asidi ya vidimbwi. Iliyoshuka hupandishwa kwa magadi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Tufuate kiasi kilichoandikwa kwenye chombo.

Jua letu huila klorini upesi. Kwa hiyo dawa na itiwe jioni, pampu ikizungusha maji, kisha tupime tena asubuhi kabla ya mtoto yeyote kuingia. Daima dawa hutiwa katika maji, wala si maji katika dawa. Asidi na klorini zisikutane kamwe, hata katika ndoo moja, kwani hutoa hewa ya sumu iwezayo kuua. Zote zifungiwe mbali na watoto.

Mwisho, kila mwogeleaji aoge kwanza kwa sabuni, na mtoto anayeharisha asubiri hadi apone. Dawa haitoshi pasipo adabu hiyo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.