Moki Itakuambia Unachotaka Kusikia

Nitasema wazi: majaribio ya JUnit yaliyo kijani asilimia 100 hayanitishi tena. Mengi yamejaa moki, na moki haijawahi kubishana na aliyeiandika.

Kwa asiyeijua, moki ni kitu bandia kinachosimama mahali pa kitu halisi wakati wa jaribio, kwa mfano hifadhidata au huduma ya malipo. Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig walieleza wazo hili mwaka 2000. Baadaye zikaja EasyMock, jMock na Mockito, na siku hizi mstari mmoja watosha:

when(mpesa.omba(500)).thenReturn("0");

Hapo ndipo balaa huanzia. Ukitumia Daraja, API ya M-Pesa, kumwomba mteja alipe kwa simu yake, lile jibu la kwanza lenye "0" lamaanisha tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe huja baadaye, kwenye anwani uliyotoa, na huenda yakawa 1032, yaani mteja ameghairi. Mwandishi wa programu anayedhani "0" ni pesa ataandika moki yenye dhana hiyo hiyo. Jaribio litapita, na duka litatoa bidhaa kwa mtu ambaye hajalipa hata senti. Kilichopimwa hapo ni imani yako kuhusu M-Pesa. M-Pesa yenyewe haikuguswa.

Je, tuzitupe? La. Jaribio linalosubiri mtandao kila mara huchosha, na jaribio linalochosha mwishowe huachwa. Tuziweke tu mahali pake.

Andika intafesi yako mwenyewe, tuseme MpokeaMalipo, inayoongea lugha ya biashara yako: ombi limepokelewa, amelipa, ameghairi, hakuna jibu. Hiyo ndiyo uiwekee moki, kisha ujaribu hali zote nne, hasa ile ya mwisho ambayo wengi huisahau. Halafu ile klasi moja inayozungumza na Daraja, ijaribu kwenye mazingira ya majaribio ya Daraja yenyewe kabla ya kila toleo.

Najua kuna watakaosema kazi inaongezeka. Kweli inaongezeka, kwa intafesi moja na klasi moja. Lakini ukikosea, anayelipa gharama ni mwenye duka, na yeye hajui hata moki ni nini. Mimi nimechagua. Wewe je?