Dirisha la Mji Mkongwe

Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe wa Unguja iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukatiwa katika Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba humo haruhusiwi kung'oa dirisha la mbao na kutia la alumini bila kibali. Sisi sheria hiyo twaiunga mkono, kwani mji ule ni mali yetu sote.

Lakini mbao ngumu ni ghali, na mvua ya masika haingoji karatasi. Je, mjane ambaye dirisha lake limeoza afanye nini? Twadai mambo mawili: kibali kitoke upesi, na asiye na uwezo asaidiwe mbao na fundi. Mali ya wote isilindwe kwa mfuko wa maskini mmoja.