Maktaba ya chuo cha ualimu inataka na mikasi

Jamaa zetu wa Maskati, Dubai na Doha wanachangishana kusaidia maktaba za vyuo huko nyumbani. Nia njema, Mungu awalipe. Lakini hebu tazameni kinachopakiwa kwenye makontena: mara nyingi ni vitabu vya Kizungu vilivyokwishatumika na ensaiklopidia za zamani. Mwalimu mwanafunzi atasomeshea nini darasa la kwanza hapo?

Nimesomesha miaka mingi, najua. Mtoto anaanza kujua kwa kushika. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, na mpaka leo njia yake inatumia herufi za karatasi ya msasa na shanga za kuhesabia. Vyuo vingi vya Marekani vinavyofunza walimu vina sehemu maalumu maktabani. Mwanafunzi anaazima tufe, ramani au vikaragosi kama anavyoazima kitabu, anakwenda navyo mazoezi ya kufundisha, kisha anavirudisha.

Kwetu, anayekwenda mazoezi mara nyingi hununua manila na kalamu za rangi kwa pesa yake. Asiyekuwa nayo ataingia darasani na chaki tu, na hasara ni ya wale watoto.

Mtu ataniambia, maktaba ni ya vitabu, na mikasi itapotea. Haya, tutenganishe. Kuna vitu vya kurudi: tufe, ramani, mizani, vipande vya sehemu za hisabati. Hivyo vitiwe kwenye maboksi yenye namba, na juu ya kifuniko ibandikwe orodha ya vilivyomo, vihesabiwe vikitoka na vikirudi. Kuna na vya kwisha: manila, gundi, rangi. Hivyo havihitaji kuazimwa, vinahitaji fungu la kila mwaka. Ukileta mara moja tu, muhula wa pili kabati tupu.

Tena, si lazima kupakia kila kitu melini. Manila na gundi zinapatikana Darajani na Kariakoo, na nauli ya kontena itabaki kununulia zaidi. Vifuu, ukindu, makombe na vifuniko vya soda havina bei, na mtoto anavijua.

Basi ndugu zangu, kabla ya kuchangishana tena, mpigieni simu mkutubi wa chuo, mumuulize anataka nini. Atakachowatajia ndicho mnunue.