Kioo si Vazi la Nchi ya Jua

Siku hizi ziko sauti nyingi zinazodai kwamba mji usio na majengo ya vioo ni mji uliolala. Mwenye benki, mwenye duka kubwa na mwenye kukodisha maofisi, wote humwendea msanifu majengo na picha moja mkononi: mnara unaometameta kutoka chini hadi juu, mfano wa ile ya kaskazini ya Ulaya, ambako jua hungojewa kama mgeni wa heshima. Picha hiyo imekwisha kuingia hata madarasani. Mwanafunzi akiandika insha juu ya mji wa kisasa, hupata alama kwa "majumba ya vioo yanayong'aa". Atajaye upenu na kivuli huonekana bado yuko shamba. Mimi napinga, na sababu zangu ni mbili: ya jua na ya lugha.

Bujumbura iko nyuzi 3 na kitu kusini ya ikweta. Kampala haifiki hata nyuzi 1 kaskazini yake. Katika miji kama hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, na upenu wa wastani watosha kuukinga ukuta unaoelekea kaskazini na ule unaoelekea kusini. Adui yuko mashariki na magharibi. Jua la asubuhi na la alasiri huja limeinama, likapenya chini ya upenu, likaupiga ukuta kifuani. Huko hapana budi kupunguza madirisha, au kusimamisha mbele yake mbavu za zege, matofali yenye matundu, au miti. Mafundi wetu wanalijua jambo hili. Asiyetaka kulisikia ni mteja mwenye picha.

Ati kuna pazia! Pazia lililo ndani ya kioo limechelewa. Mwale ukishapita hugeuka joto chumbani, na joto hilo halipati njia ya kurudi ulikotoka mwale. Kioo cheusi nacho hunywa joto kisha hulitema, na sehemu yake huangukia ndani. Kinga ya kweli hukaa nje. Ndiyo maana twaona kichekesho hiki: saa sita mchana mapazia yamefungwa, taa zinawaka, na jengo lililovishwa vioo ili lipate mwanga linaishi kwa taa za umeme. Kiyoyozi hakiliui joto. Hulitoa ndani na kumtupia muuza karanga aliyeketi njiani. Umeme ukikatika, kiyoyozi hunyamaza, na madirisha yale hayafunguki. Hapo makarani hutoka nje wakakaa chini ya mwembe. Gharama ya mwembe huo sijaiona katika hesabu ya mjenzi yeyote.

Yamkini mtu atasema kwamba kivuli ni habari ya nyumba za kale za Unguja, zenye kuta nene na vichochoro vyembamba, wala si ya biashara kubwa. Basi na aende Harare. Eastgate ni jengo la maduka na maofisi lililofunguliwa mwaka 1996, kazi ya msanifu Mick Pearce pamoja na wahandisi wa Arup. Halina mtambo wa kawaida wa kupozea hewa. Usiku feni huvuta hewa ya baridi na kuipitisha katika zege nzito. Mchana zege hiyo huipoza hewa iingiayo maofisini, na hewa iliyokwisha tumika hupanda ikatokea juu ya paa. Pearce alisema alijifunza kwa kichuguu. (Wataalamu wa mchwa wameonyesha baadaye kwamba kichuguu hakipumui hasa kwa namna hiyo, lakini jengo halikujali.) Ninalotaka litazamwe ni uso wake: madirisha ya kiasi, yaliyojificha nyuma ya zege iliyotokeza na mimea. Sisemi liigwe Mombasa. Harare iko kimo cha mita 1,500 hivi na usiku wake una baridi, ilhali usiku wa pwani ni wa joto na unyevu, na huko upepo wenyewe ndio upasao kupita chumbani. Lakini popote pale, jua lizuiwe kabla halijagusa kioo.

Na lugha je? Katika Kifaransa cha Wabelgiji waliotawala Kongo, Rwanda na Burundi, varanda iliitwa barza. Neno hilo ni letu: baraza. Mtawala aliyezoea kutukopesha maneno, hapa alikopa yeye. Leo wajukuu wa waliomkopesha wanajenga benki zisizo na baraza wala upenu, mvua na jua vikimpiga mteja mlangoni, kisha wanaita hayo maendeleo!

Upenu, baraza, roshani, kusi, kaskazi: mengi ya maneno haya hufundishwa kana kwamba ni vyombo vya makumbusho, ya kufasiriwa tu na kuachwa. Mwanafunzi ayajuaye kwa namna hiyo hawezi kumwuliza msanifu swali hata moja. Nashauri, waalimu wenzangu, insha ya "Mji wa Kisasa" iondolewe kwa muhula mmoja, na badala yake darasa litolewe nje liandike juu ya ukuta wa magharibi wa shule, saa tisa alasiri, mkono ukiwa juu ya ukuta.