TUSIISHIE MLANGONI

Kila mwaka vyuo vya ufundi nchini Tanzania hutoa vijana wenye ulemavu waliojifunza ushonaji, useremala, uchomeleaji au kazi za kompyuta. Siku ya mahafali hotuba husomwa, vyeti hutolewa, na akina mama hupiga vigelegele. Lakini si wachache kati ya vijana hao ambao hurudi nyumbani wakakaa, na vyeti vyao vikabaki sandukuni. Tunapenda kulitafakari jambo hili pamoja na waamini wote, hasa viongozi wa walei, kwa maana linagusa haki ya mtu, wala si huruma peke yake.

Haki hiyo si ngeni. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alitoa waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens. Humo alifundisha kwamba mwenye ulemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba jamii inayowapokea kazini wenye nguvu na afya tu inatenda ubaguzi mzito. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awaajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Mafundisho tunayo, sheria tunayo, vyuo tunavyo. Kinachopungua ni nini?

Tumkumbuke yule kiwete wa sura ya tatu ya Matendo ya Mitume. Kila siku palikuwa na watu waliombeba hadi kwenye mlango wa hekalu. Hawakuwa watu wabaya; walikuwa na nguvu, muda na uaminifu. Lakini walimfikisha mlangoni, wakamwacha hapo aombe. Nasi twaweza kufanana nao. Twamlipia kijana ada, twampongeza kwa cheti, twamsindikiza hadi lango la kiwanda au ofisi, kisha twageuka kurudi. Kumbe shida yake kubwa huanzia ndani ya lango.

Tuchukue mfano wa kijana asiyesikia, aliyehitimu useremala na kupata nafasi katika karakana. Mkono wake ni mzuri. Lakini maagizo ya asubuhi hutolewa kwa mdomo, na vipimo hubadilishwa kwa kupaza sauti mashine zikinguruma. Naye huja kujua wakati mbao zimekwisha kukatwa vibaya. Baada ya mwezi mmoja husemwa kwamba hawezi kazi. Ukweli ni kwamba hakuna aliyempa kazi kwa njia ya kumfikia. Ubao wa kuandikia maagizo, taa ya kuashiria hatari, na wenzake wawili wenye kujua ishara chache za lugha ya alama, vingetosha kuinusuru ajira yake. Ila sharti awepo mtu wa kuyaona hayo na kuyasema.

Mtu huyo twaweza kumwita mwongozaji wa kazini. Kwanza humfahamu mhusika: anapenda nini, anaweza nini, anataka kufika wapi. Hutangulia mahali pa kazi, akazitazama kazi zilivyo na kuzungumza na msimamizi. Huigawa kazi katika hatua ndogo ndogo, akakaa naye siku za mwanzo. Kisha hupunguza kuwapo kwake kidogo kidogo, mpaka wafanyakazi wenzake wawe ndio msaada wake. Katika miaka ya 1970 huko Illinois, Marekani, mwalimu Marc Gold aliwafundisha kwa hatua kama hizo watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki za baiskeli, kazi ambayo wengi hawakudhani wangeiweza. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwanafunzi asipoelewa, ni juu ya mwalimu kutafuta njia nyingine.

Mfano wa karibu tunao Iringa. Kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa na ndugu zetu Waanglikana mwaka 2003, kilianza na vijana watatu wasiosikia, wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye kilifungua mgahawa ambamo wahudumu wasiosikia walipokea maagizo ya wateja kwa maandishi na ishara. Masikio ya wahudumu hayakubadilika. Kilichobadilika ni utaratibu wa kazi.

Wala kuajiriwa si mwisho wa safari. Wako wenye ulemavu waliopokelewa kufagia au kufungua geti, na miaka kumi baadaye wangali pale pale, huku wenzao walioanza nao wamekuwa wasimamizi. Mwongozaji mwema huendelea kuuliza: Je, huyu ameitwa kwenye mafunzo? Mshahara wake ni sawa na wa mwenzake afanyaye kazi ile ile? Bahasha ya asante si ujira.

Yatupasa kuanzia nyumbani kwetu. Shule na hospitali za Kanisa nazo ni waajiri, na sheria inazihusu. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue wenye ulemavu wanaotafuta kazi, kwa majina yao na fani zao. Pili, halmashauri ya parokia iwateue waamini wawili au watatu, hasa mafundi na wastaafu wanaoheshimika kazini, wawe waongozaji. Nao wawasikilize waajiri pia, kwa kuwa mwajiri mwenye hofu huhitaji mtu wa kumwendea siku ya tatizo. Tatu, kila taasisi yetu ihesabu wafanyakazi wake na kuieleza halmashauri imefikia wapi.

Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Asiye na ulemavu leo hajui ya kesho. Anayeomba mlangoni leo akiwa na njaa tusimnyime sadaka. Lakini tusiridhike kumkuta hapo kila Jumapili. Petro alimshika mkono yule mtu, wakaingia hekaluni pamoja. Nasi tuingie pamoja nao.