Tahadhari: Usitoe Kianzio cha Fleti ya Upanga Kabla ya Upekuzi

Fleti ya vyumba viwili Upanga, sebule pana, karibu na Muhimbili, bei nafuu kuliko unavyotarajia. Muuzaji ana haraka; wateja wengine wako njiani, anataka kianzio leo jioni. Kama umeletewa tangazo la namna hii, usitume hata shilingi moja kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hatari ni hii: anayekuonesha fleti huenda si mwenye fleti. Ana funguo, samani zake zimo ndani, majirani wanamjua kwa jina. Lakini ni mpangaji, na anachokuuzia ni upangaji asio na mamlaka ya kuuuza.

Mtego huu unapata nafasi Upanga, Kisutu na Kariakoo kwa sababu ya historia ya majengo yenyewe. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 chombo hicho kiliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Zipo familia zilizokaa humo tangu enzi za babu, hata mtaa mzima ukazoea kuita fleti "kwa fulani". Kwa mazoea hayo mtu humwachia mwenzake fleti kwa kilemba, pesa mkononi. Siku wapangaji wakikaguliwa, aliyelipa kilemba ndiye anayekutwa ndani bila mkataba. Nyumba hana, na aliyepokea pesa keshahama.

Usidanganyike na makaratasi. Mita ya LUKU na bili ya maji zenye jina lake zinaonesha tu nani anatumia umeme na maji. Barua ya serikali ya mtaa inaeleza anakoishi. Risiti ya pango ndiyo inayomfichua kwamba ni mpangaji. Umiliki huthibitishwa na hati iliyosajiliwa. Kwa sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, fleti moja ndani ya ghorofa inaweza kuwa na hati yake, pamoja na fungu la mmiliki katika maeneo ya pamoja kama ngazi. Basi swali lako la kwanza liwe hili: hati ya fleti hii ni namba ngapi? Ukioneshwa hati ya jengo zima, bado hujajibiwa.

Ukipata namba, mpe wakili afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Atakuletea jina la mmiliki, na atajua kama kuna rehani ya benki au zuio. Mmiliki akiwa marehemu, anayeuza sharti awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakutoshi. Fleti ikiwa makazi ya mke na mume, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, hivyo isainiwe mbele ya wakili wako. Ukiambiwa hati ya fleti haipo, chukua namba ya kiwanja na kitalu, uende mwenyewe ofisi ya Shirika la Nyumba la Taifa uulize jengo ni la nani.

Ndugu zetu mlioko Muscat, London na kwingineko, ninyi mnanunua kwa picha za simu. Tafuteni wakili wenu wenyewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Kianzio kilipwe baada ya mkataba kusainiwa, kwa akaunti ya wakili au ya mwenye jina kwenye hati. Kisitumwe kwenye simu ya dalali.

Kama umekwisha kulipa, usiongeze chochote, hata ukiambiwa ni ada ya kukamilisha. Leo hii iarifu benki au kampuni ya simu, omba muamala uzuiwe, kisha upeleke polisi jumbe na risiti zote. Usikae kimya kwa aibu. Fleti hiyohiyo inaweza kuoneshwa mteja mwingine kesho, na taarifa yako ndiyo itakayomwokoa.

Muuzaji akisema kwamba ukisubiri upekuzi fleti itachukuliwa, mwache aichukue huyo mwingine. Fleti nyingine utaipata. Akiba ya miaka mingi ikishaliwa, kuirudisha ni kazi kubwa.